Askofu Tucker na Nyumba Tano za Namirembe

Masomo ya wiki: Kutoka 36:2–7, 1 Mambo ya Nyakati 22:1–5, Hagai 1



Tangu mpango wa kupanua kanisa letu usomwe mbele ya kusanyiko, maswali hayajaisha. Wako wanaosema tubomoe kila kitu tuanze upya. Wako wanaosema tuongeze tu mbavu mbili, kushoto na kulia, mabati ya zamani yabaki pale yalipo. Wengine wanauliza kwa nini tusifungue matawi upande wa Ndhiwa na upande wa Rongo, ili watu wasitoke mbali. Na wako ambao hawasemi kitu kabisa, lakini kila Jumapili wanasikiliza neno wakiwa wamesimama nje dirishani, mtoto mgongoni, na jua la Rodi mnalijua.

Kwa hiyo wiki hii, badala ya kurudia mahubiri peke yake, tunawaletea maisha ya mtumishi mmoja aliyelala zaidi ya miaka 100 iliyopita. Anaitwa Alfred Robert Tucker. Katika huduma yake kanisa moja lilijaa, likahamishwa, likaanguka, likabomolewa, likajengwa kwa matofali, likaungua. Hakuwa Mpentekoste. Alikuwa Mwanglikana, tena askofu, na najua wengine wetu tukisikia neno hilo tunaanza kufikiria joho na ubani. Vumilieni kidogo. Mambo aliyopitia ndiyo yaliyo mezani kwa kamati yetu sasa hivi, na pia kuna kisa cha Roho Mtakatifu ndani yake ambacho hatungependa kikupite.

Tena si mtu wa mbali sana na sisi. Wakati Maseno inaanzishwa mwaka 1906, kazi ya kanisa hilo huku Nyanza ilikuwa chini ya dayosisi yake ya Uganda. Ukimwona mzee aliyesomea Maseno, ujue mizizi ya shule yake inafika Namirembe.

Tucker alizaliwa tarehe 1 Aprili 1849 huko Woolwich, karibu na London. Wazazi wake walikuwa wachoraji wa picha, na watoto wakafuata kazi hiyo hiyo. Walikulia kaskazini mwa Uingereza, kwenye nchi ya milima na maziwa inayoitwa Lake District, na huko yeye na ndugu zake wakawa watembeaji wa ajabu. Inajulikana kwamba wote wanne walipanda vilele vinne vikubwa vya nchi hiyo kwa miguu, mfululizo, kabla saa 24 hazijaisha. Wakati huo ulikuwa mchezo wa vijana tu. Baadaye miguu hiyo hiyo ilipima njia ya kutoka pwani hadi Buganda mara kadhaa.

Alikuwa karibu na miaka 30, mtu mwenye kazi yake ya kuuza picha, alipoingia chuoni Oxford. Mwaka 1882 akawekewa mikono kuwa mchungaji, akasaidia kanisani Bristol, kisha Durham. Halafu akajitolea kwenda Afrika na shirika la CMS, akiwa tayari kutumwa kama mmishenari wa kawaida. Wao wakamwambia awe askofu.

Hapo usifikirie cheo. Askofu wa kwanza kutumwa eneo hilo, James Hannington, aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba 1885 kabla hajafika Buganda. Wa pili, Henry Parker, alikufa kwa homa kusini mwa ziwa mwaka 1888. Alexander Mackay, yule fundi Mskoti aliyewafundisha Waganda kupiga chapa, naye alikufa Februari 1890. Kiti kile kilikuwa kama kaburi lililo wazi. Tucker aliwekwa wakfu tarehe 25 Aprili 1890 na siku hiyo hiyo akaanza safari. Mke wake akabaki Uingereza.

Walitoka pwani, wakapita bara la Tanganyika kwa miguu hadi kusini mwa Ziwa Victoria, Nam Lolwe yetu, kisha wakavuka kwa mashua. Baadhi ya waliosafiri naye walikufa njiani, na yeye mwenyewe aliugua karibu kufa. Akafika Mengo Jumamosi, tarehe 27 Desemba 1890. Kesho yake, bado amechoka, akaingizwa kanisani kuhubiri.

Sasa tuanze habari ya nyumba.

Lile kanisa aliloingia Jumapili ile lilikuwa la miti, matete na nyasi, la watu kama 800. Ndani walikuwa wamejibana kama 1,000, na nje wengine. Kumbukeni hali ilivyokuwa. Miaka minne tu nyuma, mwaka 1886, Kabaka Mwanga alikuwa amewachoma vijana wa Kikristo kule Namugongo. Ikafuata vita, Wakristo wakakimbilia uhamishoni, wakarudi. Ungedhani baada ya hayo waumini wangekuwa wachache na waoga. Kumbe ndiyo kwanza wanasukumana mlangoni.

Lakini nyumba hiyo ya kwanza ilikuwa na kasoro ambayo hakuna sala inayoiondoa: ilikuwa mahali pa chini penye majimaji. Mwaka 1891 ikaachwa. Haikuanguka, haikuungua. Ardhi tu haikufaa.

Nawaomba tukae hapo kidogo. Fundi yeyote wa hapa kwetu atakwambia habari ya udongo mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi hadi mkono unaingia, na mvua ikinyesha unavimba kama unga wa chapati. Ukuta uliosimama juu ya udongo huo bila msingi kwenda chini unapasuka kutoka kona ya dirisha hadi linta, na ukishapasuka, unaweza kupaka rangi kila Krismasi na ufa utarudi. Sehemu kubwa ya sadaka ya ujenzi itazikwa chini mahali ambapo hakuna mgeni atakayeiona, na wengine watanung'unika kwamba pesa zimeliwa kwa sababu kuta hazijaonekana. Waganda wa 1891 walikubali kupoteza nyumba nzima ili wapate ardhi nzuri. Wakapanda juu ya kilima cha Namirembe.

Nyumba ya pili ikajengwa huko juu, na ikafunguliwa Jumapili tarehe 31 Julai 1892. Ilikuwa ya watu 3,000. Nguzo zake zilikuwa magogo makubwa ya msituni yaliyobebwa mabegani na mamia ya watu. Na Tucker alikuwa wapi? Hakuwepo. Alikuwa amerudi Uingereza mapema mwaka 1891 kutafuta watenda kazi zaidi, na huko akaingia kwenye shughuli nyingine nzito, maana ile kampuni ya Waingereza iliyokuwa inasimamia Uganda ilitaka kufunga virago, naye akawa mmoja wa waliochangisha fedha ili isiondoke haraka. Huku nyuma, Januari 1892, Waprotestanti na Wakatoliki walipigana vita kule Mengo. Ndiyo, Wakristo kwa Wakristo, kwa bunduki. Aibu hiyo tusiifiche. Miezi sita baada ya vita hiyo ndipo kanisa la watu 3,000 linafunguliwa, na askofu hayuko.

Aliporudi Desemba 1892 alikuta nyumba imesimama na imejaa. Tarehe 31 ya mwezi huo akaizika pale Namirembe mifupa ya Hannington, yule askofu wa kwanza aliyeuawa Busoga. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Mei 1893, akawawekea mikono Waganda wa kwanza kuwa mashemasi, na tarehe 31 Mei 1896 akawaweka wa kwanza kuwa makasisi. Alikuwa ameona jambo ambalo wamishenari wengi wa wakati wake hawakuliona, kwamba watu walioweza kubeba magogo yale bila yeye wanaweza kulichunga kanisa lao bila yeye.

Sasa kile kisa cha Roho.

Pamoja na Tucker mwaka 1890 alikuja kijana msomi anaitwa George Pilkington, hodari wa lugha, ambaye ndiye aliyemaliza kutafsiri Biblia kwa Kiganda, mwenzake katika kazi hiyo akiwa Mganda Henry Wright Duta. Lakini mwishoni mwa 1893 Pilkington alikuwa amekauka. Huduma iko, watu wako, nguvu hakuna. Akaenda peke yake kisiwa cha Kome, humu ziwani, akiwa na kijitabu cha mwinjilisti Mtamil wa India aliyeitwa David. Huko Kome alijazwa Roho Mtakatifu. Aliporudi Mengo mwezi wa Desemba 1893, wakafanya mikutano siku kwa siku, asubuhi baada ya asubuhi, na watu waliobatizwa zamani, pamoja na viongozi, wakasimama kutubu waziwazi. Tunaongea habari za 1893. Azusa Street kule Los Angeles ni 1906. Zaidi ya miaka 12 kabla ya huko, moto ulikuwa umewaka kwenye kisiwa cha ziwa letu. Mkate haukutoka Marekani peke yake, jamani.

Matokeo yake yalikuwa nini kwa habari ya majengo? Hapo ndipo mambo yanakuwa matamu. Watu waliojazwa hawakukaa Namirembe kusubiri nyumba kubwa zaidi. Wakatumwa vijijini wawili wawili kama walimu. Kila walipokwenda, wenyeji wakajenga kibanda cha kusomea na kuomba, ambacho walikiita sinagogi. Kabla ya mwaka 1894 kuisha vibanda hivyo vilikuwa vimetapakaa Buganda yote. Yaani, swali la je, tupanue hapa au tufungue matawi, Waganda hawakulijibu kwa kuchagua moja. Matawi yaliongezeka, na nyumba ya mama ikazidi kujaa, kwa sababu wale wa vibandani walikuja Namirembe kubatizwa, kufundishwa na kushiriki meza. Ningependa wanaotaka matawi na wanaotaka upanuzi waisome tena hiyo sehemu, wasome kwa kukaa benchi moja.

Mwaka huo huo wa 1894 dhoruba ikaja. Upepo wa kilimani ukalipiga kanisa la pili, paa likaenda. Nyumba kubwa ya nguzo na nyasi juu ya kilima ni kama tanga la jahazi. Sisi tunajua upepo unaotangulia mvua ya Machi, ule unaong'oa mabati sokoni na kuyapeleka kwa jirani. Paa pana linapoongezwa juu ya kuta za zamani ambazo hazikuandaliwa kulibeba, upepo hauulizi kama kulikuwa na maombi ya kufunga. Kenchi lazima zifungwe kwenye linta, na linta ifungwe kwenye nguzo, na nguzo zifike kwenye msingi. Ni mnyororo mmoja.

Wakajenga tena. Nyumba ya tatu ikawa tayari mwaka 1895, ya watu kama 4,000, bado ya miti na nyasi. Na tena Tucker hakuwepo. Alikuwa njiani anatoka pwani, safari hii akiwa na wanawake watano, wamishenari wa kwanza wa kike kufika Uganda. Walifika Oktoba 1895, na wanawake wa Kiganda wakatoka kwa wingi kuwalaki. Akina mama wa kanisa letu wanaouliza kwa nini kwenye michoro hakuna chumba cha akina mama na watoto, wana haki ya kuuliza. Nguvu kubwa ya Namirembe baada ya mwaka huo ilitoka upande wao.

Hiyo nyumba ya tatu haikupigwa na upepo. Adui wake alikuwa mdogo na hana kelele: mchwa. Nje inapendeza, Jumapili imejaa, ndani ya miti kunaliwa. Kufika mwaka 1900 waliogopa paa lingewaangukia watu, wakaamua kuibomoa wenyewe. Mimi naona huo ndio uamuzi mgumu kuliko yote katika hadithi hii. Nyumba iliyoanguka hukuamua wewe. Nyumba iliyoungua hukuamua wewe. Lakini kusimama mbele ya watu waliobeba nguzo kwa mabega yao miaka mitano nyuma, uwaambie nyumba yao bado imesimama lakini tunaibomoa kesho, hiyo inataka uongozi unaoaminika. Hakuna aliyekufa chini ya paa lile, na sababu ni kwamba halikungojewa lianguke.

Hapo katikati Tucker alikuwa na vita nyingine, ya nyumba isiyo ya matofali. Mwaka 1897 alileta pendekezo la katiba ya kanisa ambamo wamishenari wazungu na Waganda wangekaa baraza moja, chini ya kanuni zile zile, kama washirika wa kanisa moja. Wamishenari wenzake wengi wakakataa. Waliona haiwezekani Mwafrika awe na kauli juu yao. Tucker hakuwafokea, wala hakuacha. Alirudi na jambo hilo mwaka baada ya mwaka, na katiba ikapita mwaka 1909. Alichopata hakikuwa chote alichokitaka, maana wamishenari walijiwekea nafasi yao pembeni. Lakini baraza lenye Waganda wengi lilikuwepo, lenye sauti, miaka zaidi ya 50 kabla ya uhuru. Huyu ndiye pia aliyeandika na kupiga kelele serikali ya Uingereza iondoe utumwa kwenye pwani yetu ya Mombasa na kule Zanzibar, wakati wakubwa walitaka mambo yaende polepole.

Na kwa habari ya pesa alikuwa mgumu. Kwake, makanisa na mishahara ya walimu na wachungaji wenyeji ilikuwa mzigo wa Waganda wenyewe, si wa sanduku la London. Wengine walimwona mkali. Lakini fikirieni: mtu akijengewa nyumba na mgeni, bati likitoboka ataandika barua kwa mgeni.

Tuje nyumba ya nne. Safari hii walisema basi, miti inatosha, tujenge kwa matofali. Fundi alikuwa mmishenari anayeitwa Borup, mtu wa kazi za mikono, ambaye aliwafundisha vijana wa Kiganda kufyatua na kuchoma matofali, useremala na uashi. (Ndiye huyo huyo aliyeleta mbegu za pamba Uganda mwaka 1903. Wazee wetu waliolima pamba huku kando ya ziwa wanaweza kumshukuru au kumlaumu, wao wanajua bei waliyolipwa.) Ujenzi ulianza 1901. Udongo na matofali vilipanda kilima juu ya vichwa vya watu, mistari mirefu, siku baada ya siku. Machifu walibeba. Katikiro Apolo Kagwa, ambaye kwa leo ni kama waziri mkuu, alibeba. Mama wa kifalme na wanawake wake walibeba. Mtu aliyekuwa na watumwa na watumishi miaka michache nyuma sasa ana tofali kichwani, na mbele yake kwenye mstari ni mkulima wake.

Kazi ilichukua miaka mitatu. Faida yake haikuwa jengo tu. Vijana waliojifunza pale walibaki na ufundi, na nyumba za matofali zikaanza kuota Kampala. Kama kamati itanisikiliza kwa jambo moja, ni hili: tusikodi fundi kutoka mbali aje na watu wake wote. Vijana wetu wanaokaa stendi ya bodaboda wafundishwe hapo hapo kwenye saiti.

Tarehe 21 Juni 1904, siku ya Jumanne, Tucker aliweka wakfu nyumba ya nne. Walikuja watu kama 10,000, wengi kuliko nafasi, kama kawaida. Kabaka Daudi Chwa alikuwepo, mtoto wa miaka saba. Sadaka ya siku hiyo ilikuwa ya kushangaza. Walileta rupia, walileta simbi zile za kauri zilizokuwa pesa ya zamani, na walileta ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku na mayai. Hebu fikiria mashemasi wanavyohesabu sadaka inayokimbia. Ukisoma Kutoka 36, pale Musa alipolazimika kuwazuia watu wasilete tena, ujue si hadithi ya jangwani tu.

Kuta zilikuwa za matofali. Lakini paa walirudishia la nyasi.

Na radi kwenye kilima kile haikuwa jambo geni. Hospitali ya Mengo, ambayo daktari Albert Cook aliianzisha mwaka 1897 mtaa ule ule, ilipigwa na radi mwaka 1902 ikaungua. Onyo lilikuwepo, tena wakati kanisa bado linajengwa. Mwezi wa Septemba 1910 radi ikapiga kanisa la Namirembe. Nyasi zikashika moto, na lile jengo la miaka mitatu ya vichwa na mabega likaungua mpaka zikabaki kuta. Lilikuwa limetumika miaka sita tu.

Simlaumu mtu. Paa la vigae kwa upana ule lilihitaji pesa na ufundi mwingine kabisa. Lakini sisi tunaoishi kati ya Homa Bay na Kisii, mahali ambapo radi inapiga kila msimu na kila mtu ana habari ya boma fulani au shule fulani, hatuna sababu ya kupanua kanisa bila kinga ya radi. Chuma cha juu, waya wa shaba, na fimbo iliyozikwa ardhini. Kwenye makadirio yetu ni mstari mmoja mdogo, na ndio ule ambao huwa unafutwa wa kwanza pesa zikipungua. Usifutwe.

Tucker alikuwa na miaka 61 moto ulipowaka. Mwili ulikuwa umechoka. Alikuwa ametembea maelfu ya maili, Toro hadi milima ya Ruwenzori, Busoga, Ankole, Kavirondo, na popote alipopita alichora, maana brashi hakuiacha. Michoro yake ya safari ilitolewa kama vitabu. Mwaka 1911 akastaafu kwa sababu ya afya, akarudi Durham kuwa kasisi wa kanisa kuu. Alipokuja mwaka 1890 waliobatizwa walikuwa mamia machache. Alipoondoka walikuwa makumi ya maelfu, na kanisa kuu lao lilikuwa magofu. Sijui kama kuna mchungaji angependa kustaafu hivyo, nyuma yake kuta nyeusi za moshi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Daudi naye alikusanya mawe na mierezi, akafa, hekalu halijaanza.

Aliyeshika nafasi yake mwaka 1912 alikuwa John Jamieson Willis, aliyetokea Maseno, mwanzilishi wa kazi kule. Mwaka 1913 Willis na wamishenari wa madhehebu mengine walikutana Kikuyu wakitafuta umoja wa makanisa, wakashiriki meza ya Bwana pamoja. Kule Uingereza ikawa kesi kubwa, wengine wakataka maaskofu washtakiwe. Tucker alisimama upande wa umoja. Alikuwa Westminster, London, kwa ajili ya kikao, alipougua ghafla akafa tarehe 15 Juni 1914. Amezikwa Durham.

Nyumba ya tano hakuiona. Ilichorwa na Arthur Beresford Pite, mchoraji majengo wa London, na wakati huu walikuwa wamejifunza yote: kilimani, si bondeni, matofali, si miti, na juu, vigae vya udongo, si nyasi. Ina kuba juu yake. Ilijengwa katika miaka migumu ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na ikawekwa wakfu mwaka 1919 wakati wa Willis. Hadi leo imesimama, na watu huitwa ibadani kwa ngoma. Aliyewahi kwenda Kampala kwa matibabu au biashara anaweza kuiona kutoka mbali. Kwenye makaburi yake wamelala Hannington, na Pilkington aliyeuawa Desemba 1897, na Mackay ambaye mifupa yake ilihamishiwa pale mwaka 1927.

Ramani za upanuzi wetu zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo Jumapili hii. Ziko mbili: ile ya mbavu mbili juu ya kuta za sasa, na ile ya kuhamisha madhabahu na kuchimba msingi mpya upande wa nyuma. Anayechora na fundi watakuwepo baada ya ibada ya pili. Walio dirishani ndio watakaotangulia kuuliza.